Mti Usio na Faida Una Haki Gani?



Ndugu msomaji, naanza kwa kukiri jambo. Muhula uliopita, katika kikao cha jumuiya yetu, lililetwa pendekezo la kukata mwembe mkongwe uliokuwa karibu na mahali pa kutilia udhu, ili pajengwe kibanda cha kuuzia vitabu na vinywaji. Mwembe ule ulikuwa umeacha kuzaa miaka mingi, na shina lake lilikuwa na tundu kubwa ambalo mtoto angeweza kuingia. Dada mmoja aliuliza kama dini inaturuhusu kuukata. Ndugu mwingine akamjibu papo hapo kwamba Abu Bakr Swiddiq (r.a.) aliwausia askari wake wasikate miti yenye matunda, na huu wetu hauna matunda. Tukacheka, tukapiga kura. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioinua mkono. Siku tatu baadaye palibaki kisiki. Popo waliokuwa wakiishi ndani ya tundu lile walizunguka juu ya paa la msikiti jioni nzima, wasijue pa kuingia.

Tangu siku ile swali la yule dada limekuwa likinirudia, nami naona hatukumjibu. Hakuuliza kama mti ule ulitufaa. Aliuliza kama tuna ruhusa. Sisi tulidhani ni swali moja. Katika makala hii nataka kuyatenganisha maswali hayo mawili: je, kiumbe ambacho hakitufai kwa lolote kina haki yoyote juu yetu?

Ili nilijibu swali hili nitakwenda mbali kidogo, hadi kwenye bonde la mto mmoja wa kusini mwa Marekani. Kuna miti huko ambayo imenifundisha zaidi ya nilivyotarajia, na kuna Mwislamu mmoja aliyeishi kwenye bonde hilohilo ambaye hatupaswi kumsahau.

Wazee wa Black River

Black River ni mto wa jimbo la North Carolina. Maji yake ni ya rangi ya chai kavu, kwa sababu hupita polepole kwenye vinamasi vilivyojaa majani na magome yanayooza. Mto huo huingia katika mto mkubwa zaidi uitwao Cape Fear, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Atlantiki. Sehemu moja ya mto huo hutawanyika na kuwa kinamasi kinachoitwa Three Sisters, na humo ndimo imesimama miti ya saipresi ninayotaka kuieleza.

Usifikirie saipresi tunayoijua sisi, ile ya kupanda uzio na kupasua mbao. Hii ni jamaa yake wa majini, ambayo wataalamu huiita Taxodium distichum. Kila majira ya baridi hupukutisha majani yake yote ikabaki uchi. Mizizi yake huchomoza juu ya maji, mfano wa magoti ya watu waliokaa kitako mtoni.

Tangu miaka ya 1980 mtaalamu wa pete za miti, David Stahle wa Chuo Kikuu cha Arkansas, pamoja na wenzake, wamekuwa wakiichunguza miti hiyo. Hutumia keekee nyembamba yenye uwazi ndani, wakatoa kijiti chembamba kutoka kwenye shina bila kuuua mti, kisha wakahesabu pete zake. Mwaka 2019 walitangaza kwamba mti mmoja ulikuwa umefikisha angalau miaka 2,624 ilipofika mwaka 2018, na mwingine angalau miaka 2,088. Hakuna mti mwingine unaojulikana kuishi umri huo katika upande wote wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini.

Hebu tupige hesabu ndogo. Miaka 2,624 inaturudisha hadi karibu na mwaka 605 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Huo ndio mwaka aliotawazwa Nebukadneza wa Babeli, yule ambaye katika vitabu vyetu vya tarehe anaitwa Bukhtunassar, aliyekuja kuibomoa Baytul Maqdis. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipohama kutoka Makka kwenda Madina, mti ule ulikuwa na zaidi ya miaka 1,200. Dola za Banu Umayya, Banu Abbas na Uthmaniyya zimekuja na kuondoka, nao ulikuwa ukiongeza pete moja baada ya nyingine katika maji yale meusi.

Pete hizo ni aina ya kumbukumbu. Mwaka wa mvua nyingi pete huwa pana, na mwaka wa ukame huwa nyembamba. Kwa kusoma pete za miti ya saipresi ya jimbo jirani la Virginia, Stahle na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba Waingereza wa mwanzo waliokuja kukaa pwani ile, na wakatoweka katika kisiwa cha Roanoke, walifika wakati wa ukame mkali wa miaka 1587 hadi 1589, ambao haukuwa na mfano katika karne nane. Niliposoma hayo nilikumbuka Surat Zilzala, inapotuambia kuwa siku hiyo ardhi itazieleza habari zake. Kumbe hata kabla ya siku hiyo ardhi hutunza habari, na mti ni mmoja wa waandishi wake.

Ilivyonusurika

Lakini jambo lililonigusa zaidi si umri wa miti hiyo. Ni sababu ya kubaki kwake.

Mbao za saipresi hii haziozi upesi, na kwa ajili hiyo zilitafutwa sana kwa kujengea nyumba, mashua na vigae vya paa. Vinamasi vya kusini mwa Marekani vilikatwa kimoja baada ya kingine, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wakataji walichagua miti iliyonyooka na iliyo mizima. Ile iliyopinda, iliyovunjika kilele au iliyooza moyo ikawa tupu ndani waliiacha, kwa sababu isingelipa gharama ya kuitoa majini. Wazee wengi wa Black River ni wa namna hiyo. Wameishi kwa sababu msumeno uliwapima ukaona hawana faida.

Basi angalia ni nani anayeishi ndani ya kisicho na faida. Kuna ndege mdogo wa manjano ambaye hutaga mayai katika matundu ya miti iliyo juu ya maji, na wakati wa baridi husafiri hadi Amerika ya Kusini. Kuna popo wenye masikio makubwa wanaolala ndani ya mashina matupu. Chini yake wapo fisi maji na kambare, na katika misitu ya kandokando hupita dubu weusi. Kwenye mchanga wa mto wapo kome wa maji baridi, ambao watoto wao hawawezi kukua mpaka wajishikize kwanza kwenye matamvua ya samaki. Mti ukiondoka, kivuli huondoka. Kivuli kikiondoka, maji hupata joto, samaki hupungua, na kome hukosa wa kumbeba mtoto wake. Hao wote walikuwa wakazi wa mti ambao kwa mkataji ulikuwa gogo bovu.

Hoja ya upande wa pili

Nisiwe mwepesi wa kuhukumu. Waliosema tukate wana hoja, na hoja yao ina asili katika dini. Allah (s.w.t.) anatueleza katika Surat Baqara aya ya 29 kwamba ametuumbia vyote vilivyomo ardhini, na katika Surat Jathiya aya ya 13 kwamba ametutiishia vilivyomo mbinguni na ardhini. Mtume (s.a.w.) na Masahaba walijenga kwa miti, walipikia kuni, walilisha wanyama kwa majani. Hata mitende ya Banu Nadhir, baadhi yake ilikatwa vitani, na Surat Hashr aya ya 5 ikabainisha kwamba hilo lilikuwa kwa idhini ya Allah. Anayesema kukata mti ni haramu moja kwa moja anaizidishia dini.

Pamoja na hayo, kutoka kwenye kauli kwamba vimeumbwa kwa ajili yetu hadi kwenye kauli kwamba visivyotufaa havina thamani, kuna hatua tuliyoiruka. Ibn Taymiyya aliiona hatua hiyo. Katika fatwa zake anaeleza kwamba aya za namna hii zinatubainishia manufaa tunayoyapata sisi, lakini inajulikana kwamba Allah ana hekima nyingine kubwa katika viumbe hivyo, zisizokuwa manufaa ya wanadamu. Baba akimwambia mwanawe kuwa nyumba hii ameijenga kwa ajili yake, mtoto hana haki ya kumfukuza bibi yake chumbani kwa hoja kwamba yeye bibi hamfai kitu.

Nazo hekima hizo nyingine hatukuachwa gizani kabisa. Surat Israa aya ya 44 inatufahamisha kuwa hakuna kitu ila kinamtakasa Allah kwa sifa zake, isipokuwa sisi hatufahamu kutakasa kwake. Surat Hajj aya ya 18 inaitaja miti miongoni mwa vinavyomsujudia. Surat An'am aya ya 38 inasema wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Katika Hadith iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Nabii mmoja aliumwa na chungu, akaamuru kichuguu chote kichomwe, naye akalaumiwa na Mola wake kwa kuuteketeza umma unaomtakasa Allah kwa sababu ya chungu mmoja. Chungu wale hawakuwa na faida yoyote kwa Nabii yule. Walimuuma. Hata hivyo lawama ilimshukia yeye.

Hapa ndipo inapobidi kuwa makini. Watetezi wengi wa mazingira husema: usikate, huenda kuna faida usiyoijua. Ni hoja nzuri, na Black River inaithibitisha, kwani gogo bovu limekuja kuwa kitabu cha hali ya hewa. Lakini hoja hiyo bado inapima kwa mizani ileile ya faida, ila imesogeza tarehe ya malipo. Je, mti ule ulianza kuwa na thamani siku ulipotobolewa na keekee? Na kama pete zake zisingesomeka, ungekuwa halali ya msumeno? Nadhani Qur'an inatupeleka mbali zaidi ya hapo. Kama mti unamtakasa Mola wake, una kazi yake iliyokuwepo kabla yetu wala haisubiri sisi tuigundue.

Wanazuoni walivyoiweka

Wanazuoni wetu waliyajua haya kabla ya neno mazingira kuanza kutumika katika mikutano. Imamu Ghazali, katika kitabu cha subira na shukrani ndani ya Ihya, anasema kwamba anayevunja tawi la mti bila haja ya kweli wala lengo sahihi amekufuru neema ya Allah mara mbili: katika kuumbwa kwa mti na katika kuumbwa kwa mkono. Tazama kwamba hakuuliza kama tawi lile lilikuwa na matunda.

Izzuddin bin Abdussalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipoorodhesha haki za wanyama juu ya mwenye nao, alisema ni wajibu kuwalisha hata wakizeeka au wakiugua kiasi cha kutopatikana faida yoyote kwao. Utasema mnyama ana maumivu na mti hauna. Ni kweli, na kwa hiyo mti haulingani na ng'ombe. Ila tunachojifunza kwake ni kanuni, kwamba kuisha kwa faida hakumalizi haki.

Tena kuna Hadith ya mkunazi katika Sunan Abi Dawud, yenye onyo kali kwa anayeukata. Wanazuoni wametofautiana kuhusu daraja yake. Abu Dawud mwenyewe aliifafanua kwamba inamhusu anayekata mkunazi wa jangwani, ambao wasafiri na wanyama hupata kivuli chini yake, akaukata kwa upuuzi na dhuluma bila haki yoyote aliyo nayo juu yake. Angalia kwamba wanyama wametajwa pamoja na wasafiri kama wenye kudhulumiwa.

Ama wasia wa Abu Bakr (r.a.), tuliutumia vibaya. Yeye aliwakataza askari kuharibu hata katika vita, ambapo hasira na haja huwa nyingi. Sisi tuliligeuza katazo lake kuwa ruhusa ya kukata wakati wa amani kila kisichozaa.

Mtu aliyeuzwa katika bonde hilo

Sasa nifike kwa yule Mwislamu niliyemtaja. Jina lake ni Omar ibn Said. Alizaliwa karibu mwaka 1770 katika nchi ya Futa Toro, Afrika Magharibi, akasoma elimu ya dini kwa takriban miaka 25. Mwaka 1807 alitekwa, akavushwa bahari na kuuzwa Charleston. Alimtoroka bwana aliyekuwa akimtesa, akakamatwa na kufungwa Fayetteville, mji ulio kwenye ukingo wa Cape Fear. Baadaye alichukuliwa na James Owen wa wilaya ya Bladen, akaishi katika bonde la mto huo mpaka mwisho wa maisha yake. Alifariki akiwa bado mtumwa, kabla utumwa haujafutwa mwaka 1865. Maji ya Black River, yaliyopita kwenye magoti ya miti ile, huingia katika mto aliokuwa akiishi kando yake.

Mwaka 1831 Omar aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu. Maandishi hayo sasa yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Hakuanza kwa jina lake wala kwa jina la bwana wake. Alianza kwa Surat Mulk, sura ambayo aya yake ya kwanza inautia ufalme wote mkononi mwa Allah. Fikiria mtu ambaye kwa sheria ya nchi ile alikuwa mali, ana bei, anaweza kurithishwa kama meza, halafu akishika kalamu anaanza kwa kusema mmiliki ni nani.

Sisemi kwamba mtu na mti ni sawa. Allah amewatukuza wanadamu, na dhuluma aliyofanyiwa Omar haifanani na ya mti wowote. Ninachosema ni kwamba mizani ilikuwa moja. Soko lililompima msomi kwa nguvu za mikono yake ndilo lililoupima msitu kwa futi za mbao. Mwenye kuzoea kuuliza kila kiumbe kina bei gani hajui aishie wapi. Anaanza na gogo, anaendelea na mgonjwa, na mzee, na mgeni asiye na karatasi. Kwa sababu hiyo naamini swali la mti bovu si swali dogo.

Mipaka miwili

Kuna hofu mbili ambazo ni lazima zijibiwe. Ya kwanza ni ya itikadi: tusije tukautukuza mti mpaka tukauabudu. Imepokewa kwamba Umar (r.a.) aliamuru ukatwe mti uliodhaniwa kuwa ndio uliofanyiwa chini yake kiapo cha Ridhwan, alipoona watu wanauendea kwa kutafuta baraka. Hili ni funzo la kweli. Mti unaomsujudia Allah hausujudiwi. Lakini angalia kwamba Umar alikuwa na sababu nzito, kulinda tauhidi ya umma mzima. Hakuukata kwa kuwa ulizeeka.

Hofu ya pili ni ya watu. Katika bonde la Black River lilipotolewa wazo la kuanzisha hifadhi ya jimbo, baadhi ya wenyeji walipinga, wakihofia ardhi yao na utulivu wao. Na kwetu mama anayekata mti apate mkaa wa kulisha watoto hawezi kuhubiriwa tasbihi ya majani na mtu aliyeshiba. Dharura inajulikana katika sheria, na haja ina nafasi yake. Lakini tuwe wakweli: kibanda chetu hakikuwa dharura. Palikuwa na nafasi upande wa pili wa ua, ila ilihitaji kusawazishwa kwa siku mbili. Tuliukata mti ili kuokoa siku mbili.

Hitimisho langu ni hili. Haki ya mti haina maana kwamba usikatwe kamwe. Haki yake ni kwamba anayetaka kuukata ndiye mwenye kudaiwa hoja, na hoja hiyo lazima awe tayari kuitoa mbele ya Mwenye mti, siku ambayo kura za kikao hazitasaidia. Sisi tuliupindua mzigo huo. Tuliutaka mwembe utoe sababu ya kuishi, na kwa kuwa haukuwa na matunda ya kujitetea, tukauhukumu.

Hata leo miti ya Black River haiko salama. Imesimama mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na bahari inapanda. Juu ya mto kuna mashamba makubwa ya nguruwe ambayo uchafu wake hukusanywa katika madimbwi, na vimbunga vinapokuja madimbwi hayo hufurika. Katika vinamasi vile aliwahi kuonekana pia kasuku wa Carolina, aliyelala katika mashina matupu na kuchukiwa na wakulima. Wa mwisho aliyejulikana alikufa mwaka 1918 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Ni umma mzima uliokuwa ukimtakasa Allah kwa sauti yake, na sauti hiyo haitasikika tena duniani.

Kisiki chetu bado kipo karibu na mahali pa udhu. Nimemwomba Amir suala hili lirudishwe kikaoni. Sitaki tulaumiane, nataka tukubaliane kwamba kabla ya kukata chochote katika ua wa msikiti tutamsikiliza kwanza anayepinga. Nimemwomba pia yule dada msamaha kwa kile kicheko. Na tumepanda miche mitatu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Mche unaopandwa saa hiyo hautampa mtu tunda wala kivuli, na bado ameamrishwa aupande.

Tunamwomba Allah atusamehe tulichokikata bila haki, na atujaalie tuwe waangalizi wema wa amana yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.